Kalamu ya mpingo isiyofunguka ni hasara kwa fundi na kwa msitu

KWA miaka mingi tumekuwa tukiwahimiza wakulima na wafanyabiashara wadogo waongeze thamani ya mazao yao kabla ya kuyauza. Alizeti iwe mafuta, muhogo uwe unga, gogo liwe bidhaa. Ni ushauri mzuri, na mimi mwenyewe nimeutoa mara nyingi katika mafunzo ya vikundi. Lakini lipo swali moja ambalo huwa tunalisahau: thamani hiyo tuliyoiongeza itadumu kwa muda gani mikononi mwa mnunuzi?

Leo napenda kulijadili swali hilo kwa kutumia bidhaa ndogo kabisa, kalamu ya mbao iliyotengenezwa kwa mkono. Huenda msomaji ukashangaa ni kwa nini mchumi wa kilimo aache bei ya mbolea na mahindi aende kuandika habari za kalamu. Naomba uvumilivu. Mpingo unaotengenezwa kalamu hizo hutoka katika misitu ya vijiji vyetu, na anayeikereza ni mjasiriamali mdogo kama wewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilizawadiwa kalamu ya mpingo katika sherehe ya kufunga mafunzo ya kikundi kimoja cha wafugaji nyuki. Ilikuwa kalamu nzuri, nyeusi, nzito kidogo mkononi, yenye pete ya rangi ya dhahabu katikati. Unazungusha sehemu ya juu, ncha inatoka. Niliitumia shambani kuandikia majibu ya wakulima kwenye madodoso, na wengi walikuwa wakiiomba waishike kwanza kabla hatujaendelea na mahojiano.

Baada ya miezi minne wino ukaisha. Muda si mrefu kile kifaa cha ndani kinachosukuma ncha nacho kikaanza kuteleza, unazungusha bila ncha kutoka. Nikaenda kwa muuzaji mmoja wa vinyago na kalamu za aina hiyo nikamweleza shida yangu. Akaitazama kidogo, akanirudishia. “Hiyo haifunguki, kaka. Ukiifungua unaivunja. Chukua nyingine tu, nitakupunguzia.”

Sikuchukua nyingine. Nilikaa na ile iliyokufa kwenye droo karibu mwaka mzima, mpaka siku moja nilipokuwa Morogoro nikipeleka saa kwa mzee mmoja anayetengeneza saa pembeni ya barabara. Nikamwonyesha na kalamu. Aliigeuzageuza, akaisikiliza karibu na sikio huku akiizungusha, kisha akaniambia, “Kijana wangu, kitu kilichoingizwa kwa kusukumwa hutoka kwa kusukumwa. Tusiwe na haraka tu.” Akaivuta taratibu bila kuipinda, ikaachana sehemu mbili. Mrija wa wino ulikuwa umefungwa kwa nyuzi kama za skrubu, akaufungua. Kifaa kilichokuwa kinateleza akakisukuma kutoka nje kwa kipande cha chuma butu. Wiki iliyofuata nilimpelekea kifaa na mrija nilivyoagiza kwa rafiki aliyekuwa safarini, akavifunga. Alinitoza shilingi 3,000. Kalamu hiyo ndiyo ninayoiandikia rasimu ya makala hii.

Kwa hiyo kalamu ilikuwa inafunguka. Muuzaji hakunidanganya kwa makusudi, ila hakuwahi kufundishwa kuifungua, na aliyemletea hakumpa hata kipuri kimoja. Hapo ndipo penye tatizo ninalotaka tulitazame.

Mpingo ni mti wa taifa la Tanzania, na ni mti usio na haraka. Hukisiwa kuhitaji miaka 70 hadi 100, au zaidi, kufikia unene wa kuvunwa kwa mbao. Kiini chake cheusi ni kizito kiasi kwamba huzama majini. Ndiyo maana kwa zaidi ya karne moja kimetafutwa na watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya, na ndiyo maana wachongaji wa Kimakonde wamekipenda. Katika kila gogo kinachotumika ni kidogo, sehemu kubwa huwa ni ganda jeupe, mipasuko na vipande vilivyopinda.

Kalamu ni njia nzuri ya kutumia vipande hivyo. Kipande cha sentimita moja na nusu kwa moja na nusu, chenye urefu wa sentimita 12, kina uzito wa gramu 30 hivi. Kwa hiyo hata ukitoa upotevu wa msumeno, kilo moja ya mabaki inaweza kutoa vipande zaidi ya 20 vya kukereza. Hakuna bidhaa nyingi za msituni zinazoweza kupata bei ya namna hiyo kwa kilo.

Sasa piga hesabu nyingine. Mbao imechukua miaka 80 kukomaa. Fundi ameitoboa, ameikereza, ameipiga msasa na kuing’arisha. Halafu uhai wa bidhaa nzima unategemea mrija wa wino unaoisha kwa miezi michache na kifaa cha chuma chepesi kinachochakaa kwa mwaka au miwili. Kilicho ghali na adimu kinakufa kwa sababu ya kilicho rahisi na kinachopatikana. Kwa lugha ya shambani, ni sawa na kutupa jembe kwa sababu mpini umevunjika.

Hakuna mkulima anayefanya hivyo. Mpini ukivunjika tunachonga mwingine. Washa ya bomba la kunyunyizia dawa ikikatika tunanunua washa. Baiskeli imedumu vijijini kwa sababu spoku, mnyororo na tairi vinapatikana gulioni, na fundi yupo chini ya mwembe. Kama kungekuwa na baiskeli isiyofunguka, hata iwe nzuri namna gani, hakuna ambaye angeinunua mara ya pili. Iweje basi tukubali kalamu ya mpingo iwe ya kutumia na kutupa?

Ili tuelewane, ni vizuri kujua kalamu hizi zimeundwaje. Zipo za aina tatu ambazo utakutana nazo zaidi.

Ya kwanza ni ile ya kuchongwa tu, pengine ina kichwa cha twiga au cha Mmasai. Huo ni mti uliotobolewa tundu moja na kutiwa mrija wa kalamu ya kawaida ya plastiki. Ya pili ni ya kukerezwa, ambayo ncha yake ya chuma hufunguka kwa kuzungusha. Ndani yake mna mrija mnene wa chuma na springi. Ya tatu ni kama yangu, nyembamba, yenye sehemu mbili zinazokutana kwenye pete ya katikati, na hufanya kazi kwa kuzungushwa.

Hizi mbili za kukerezwa zina ndugu mmoja: ndani ya mbao mna bomba jembamba la shaba ya njano lililobandikwa kwa gundi. Katika kalamu nyembamba bomba hilo kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 7. Bomba ndilo linaloshika kila kitu. Ncha, kifaa cha kuzungushia, pete na kishikio cha mfukoni havikubandikwa kwenye mbao, bali vimesukumwa kwa nguvu ndani ya bomba vikabana. Ukilielewa hilo, umeshaelewa nusu ya kazi ya kutengeneza.

Kwa aina ya kwanza, mara nyingi kinachohitajika ni kuushika mrija kwa koleo lililofungwa kitambaa na kuutoa huku ukiuzungusha. Tatizo ni pale mchongaji alipotia gundi. Hapo ndipo kalamu inapokuwa imezikwa ikiwa hai. Ushauri wangu kwa wachongaji ni kuacha kabisa kutia gundi kwenye mrija. Toboa tundu linalobana vizuri, au zungushia mrija uzi mwembamba kabla ya kuuingiza. Mteja ataweza kuutoa na kutia mwingine kutoka kwenye kalamu yoyote ya dukani.

Kwa aina ya pili, ncha huzungushwa kuelekea kushoto kama unavyofungua kifuniko cha chupa. Kama imekaza, ishike kwa kipande cha mpira wa baiskeli, usikimbilie koleo kwa sababu litakwaruza chuma. Mrija ukitoka, angalia springi ilikuwa imekaa upande gani, kwa kuwa wengi huirudisha vibaya au huipoteza. Tumia sahani au kitambaa cheupe mezani.

Kwa aina ya tatu, shika sehemu zote mbili karibu na pete, vuta kwa mstari ulionyooka huku ukizungusha kidogo sana. Usiipinde, maana mbao ya ukingoni ni nyembamba na mpingo hukatika kama kigae. Mrija ukiuona una nyuzi za skrubu, uzungushe kuelekea kushoto, usiuvute.

Endapo kinachotakiwa kutolewa ni ncha, kishikio au kifaa cha kuzungushia, kanuni ni moja tu: sukuma kutoka ndani kwenda nje. Tafuta kipande cha chuma kilichonyooka, butu, chenye unene unaokaribia tundu la bomba. Simamisha sehemu ya kalamu kwenye kipande cha mbao kilichotobolewa tundu la kupokea kile kinachotoka. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo. Kamwe usitie bisibisi ukingoni na kukwangua, utavunja mbao na kazi yote itakuwa imeharibika.

Kabla ya kutoa kifaa cha kuzungushia, pima kwanza kimeingia kwa kina gani na uweke alama. Kipya kikiingizwa zaidi ya hapo, ncha ya wino itabaki nje muda wote na kuchafua mfuko wa shati. Kikiingizwa pungufu, ncha haitatoka ya kutosha kuandikia. Kukiingiza hakuhitaji mashine ya gharama. Jiliwa ya fundi seremala inatosha, ili mradi meno yake yafunikwe kwa vipande vya mbao na usukume polepole, ukinyoosha.

Kuhusu gundi, tahadhari ni muhimu. Kama sehemu ya chuma ilibandikwa kwa supagluu, asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, huilainisha, lakini pia hula vanishi ya mbao. Itumike kidogo kwa ncha ya pamba, ndani ya bomba tu. Usiweke kalamu kwenye moto wala maji ya kuchemka. Mpingo hupasuka ukipata joto la ghafla. Ufa mdogo unaweza kuzibwa kwa unga wa mpingo wenyewe uliochanganywa na supagluu, kisha ukapigwa msasa laini. Ufa mkubwa unamaanisha kukereza mbao mpya, lakini hata hapo vyuma vyote vya zamani vinaweza kutumika tena. Na anayepiga msasa afunge kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua.

Nimeeleza haya kwa kirefu ili kuondoa ile imani kwamba “haifunguki”. Sasa tuje kwenye fedha.

Nitatoa mfano wa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Tuseme fundi anauza kalamu 200 kwa mwaka kwa shilingi 15,000 kila moja. Vyuma vya kalamu moja vimemgharimu shilingi 6,000, mbao, msasa na vanishi shilingi 1,000. Kabla ya kulipa nguvu kazi na pango anabaki na shilingi 8,000 kwa kalamu, yaani shilingi 1,600,000 kwa mwaka.

Tuchukue sasa kwamba kati ya wanunuzi wake, 60 ni wa mjini hapo hapo na kila mmoja anarudi mara mbili kwa mwaka kubadili mrija. Anawatoza shilingi 2,500, mrija umemgharimu shilingi 1,000. Mara 120 kwa faida ya shilingi 1,500 ni shilingi 180,000. Wengine 20 wanabadili kifaa cha kuzungushia kwa shilingi 6,000, nacho kimegharimu shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 70,000 nyingine. Jumla ni shilingi 250,000, ongezeko la karibu asilimia 16 juu ya kile alichokuwa akikipata.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba hizo ni fedha za kujengea nyumba. Lakini zitazame vizuri. Hazikuhitaji kukata hata tawi moja. Kila kazi ni ya dakika chache. Na muhimu zaidi, huja pia katika miezi ambayo mauzo yamelala. Wanaouza bidhaa za sanaa wanajua jinsi Aprili na Mei zinavyokuwa kavu wakati masika yameshika na watalii wamepungua. Mkulima mwenye busara hufuga kuku pembeni ya shamba la mahindi ili kabla ya mavuno nyumba isilale njaa. Matengenezo ni kuku wa fundi kalamu.

Tena yapo manufaa yasiyoonekana kwenye daftari. Ofisi, vyuo na vyama vya ushirika hununua zawadi za kuwapa wageni na wastaafu. Mnunuzi wa namna hiyo haulizi tu bei, huuliza kama kitu kitamwaibisha. Ukimwambia, “Ikiharibika ileteni, vipuri ninavyo,” umemuuzia kitu ambacho jirani yako hana. Mimi nilipopewa ile kalamu ningeweza kuwapeleka wateja wengi kwa yule muuzaji. Sikumpeleka hata mmoja.

Zipo hoja za kupinga, na nimezisikia. Ya kwanza ni kwamba wateja wengi ni wageni, wakishapanda ndege hawarudi. Ni kweli. Lakini kwa sababu hiyo hiyo fundi anapaswa kuchagua vyuma vinavyopokea mrija unaopatikana kila mahali. Mrija wa aina ya Parker, wenye urefu wa milimita 98 hivi, hutengenezwa na kampuni nyingi na huuzwa katika miji mingi duniani. Mwenye kalamu inayopokea mrija huo hahitaji kurudi Mwenge wala Arusha kuutafuta. Weka kwenye boksi kikaratasi kidogo kinachosema ni aina gani ya mrija, na kalamu inafunguliwaje. Gharama yake ni ya kudurufu karatasi tu.

Hoja ya pili ni kwamba ukitengeneza ya zamani utauza mpya chache. Hii ni hofu ya mfanyabiashara anayedhani mteja amefungwa kamba. Kwa kalamu ya plastiki ya shilingi mia chache, ndiyo, mteja atanunua nyingine kesho. Kwa kalamu ya shilingi 15,000 iliyokufa baada ya miezi minne, mteja anarudi kwenye ile ya plastiki. Anayeipenda ya kwake kwa miaka mitano ndiye anayenunua ya pili kwa ajili ya binti yake anayehitimu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito: vipuri havipatikani. Vyuma vingi vya kalamu za kukerezwa huagizwa kutoka nje, na fundi mmoja mmoja hana uwezo wa kuagiza kwa wingi. Jibu lake tunalijua tangu zamani, nalo ni kikundi. Mafundi kumi wakikubaliana kutumia kipenyo kimoja cha bomba na aina moja au mbili tu za mrija, wanaweza kuagiza pamoja na kuweka akiba ya vipuri sehemu moja. Leo kila mmoja akichukua chochote alichokipata, kesho hakuna kinachoingiliana na kingine. Ni kosa lile lile la kikundi cha umwagiliaji chenye pampu tano za aina tano.

Wenye maduka ya vifaa vya ofisi nao wasibaki nyuma. Boksi dogo la mirija ya aina mbili halichukui nafasi kuliko bunda la bahasha. Na mafundi saa, ambao kazi yao imepungua tangu simu za mkononi zianze kutuonyesha wakati, wana kila kitu kinachohitajika: macho, subira, koleo ndogo na uzoefu wa kupanga vyuma vidogo bila kupoteza hata kimoja. Mzee wangu wa Morogoro hakuwa amewahi kushika kalamu ya namna ile, lakini aliielewa kwa dakika chache. Vyuo vya ufundi vya VETA na maofisa wa SIDO wanaofundisha useremala wangefanya jambo la maana wakiongeza somo la kufungua baada ya somo la kukereza.

Narudi sasa kwa mkulima, ambaye pengine amesoma hadi hapa akijiuliza yeye anahusikaje. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao na kunufaika na mauzo ya mazao yake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC kinachothibitisha uvunaji endelevu, na mpingo ndio uliokuwa kiini cha juhudi hizo. Tangu Januari 2017 mpingo umo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2019 nchi wanachama zilikubaliana kwamba bidhaa zilizokamilika, ambazo mbao yake haizidi kilo 10 katika shehena moja, zisibanwe na masharti ya mkataba huo, ingawa taratibu na vibali vya ndani ya nchi bado ni vya kufuatwa.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba njia imefunguliwa zaidi kwa bidhaa ndogo kuliko kwa gogo. Kalamu ni moja ya bidhaa hizo. Lakini bei ambayo kijiji kinaweza kudai kwa mti wake haitatoka hewani. Hutegemea mtu wa mwisho kabisa kwenye mnyororo, yule anayeandika, ataona kalamu yake inastahili kiasi gani. Akizoea kwamba kitu cha mpingo ni cha miezi minne, atalipa bei ya kitu cha miezi minne. Akijua kwamba ni cha kurithisha watoto, atalipa bei ya hicho. Fundi anayetia gundi mahali pasipostahili anamshushia bei mwanakijiji ambaye hajawahi kumwona.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halihitaji mkopo. Wewe fundi, kabla ya kuuza kalamu nyingine, ifungue mbele ya mteja na uifunge tena, aone. Kama huwezi kuifungua wewe uliyeitengeneza, usiiuze mpaka uweze. Wewe mfanyabiashara, usipokee mzigo wa kalamu bila vipuri vyake, angalau mirija 20 na vifaa vitano vya kuzungushia kwa kila kalamu 100, na umwombe aliyekuletea akufundishe. Wewe mnunuzi, uliza swali moja tu kabla ya kutoa fedha: “Hii wino ukiisha nafanyaje?” Ukijibiwa kwamba utanunua nyingine, nenda meza ya pili.

Na wewe unayeitunza misitu ya kijiji, siku mnunuzi wa magogo atakapokuja na mizani yake, muulize kinachotengenezwa kwa mti wenu kinadumu muda gani. Una haki ya kujua, kwa sababu mti huo ulianza kuota kabla babu yako hajaoa.